GABA na Jamaa Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Badiliko Dogo la Kikemia na Nguvu ya Kirutubisho Ubongoni

GABA ni nini, na ilifikaje kwenye rafu za virutubisho?

GABA ni kifupi cha jina la asidi ya gama-aminobutiriki, molekuli ndogo ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe kutokana na glutamati na kuitumia kutuliza mawasiliano ya seli zake: seli moja inapoimwaga, seli ya jirani hupunguza kurusha ishara. Kuwapo kwake ubongoni kuliripotiwa mwaka 1950 na Eugene Roberts pamoja na Sam Frankel nchini Marekani, na tangu hapo imefahamika kwamba usingizi, wasiwasi, kukaza kwa misuli na degedege vyote vinahusiana kwa namna fulani na mizani yake. Diazepamu na fenobabito, dawa ambazo wengi wetu tunazijua kwa majina, hutuliza kwa kuitilia nguvu GABA ambayo ubongo umekwisha kuimwaga.

Kutoka hapo hoja ya muuzaji ni nyepesi: kama GABA hutuliza, basi meza GABA. Huuzwa katika vidonge vya miligramu mia kadhaa, na lebo huahidi utulivu, usingizi mzuri na umakini. Hoja hiyo ina pengo moja kubwa, na dawa kadhaa zinazotajwa hapa chini zilizaliwa kwa sababu wanakemia walijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuigusa molekuli hii mahali padogo.

Nikimeza GABA, inafika ubongoni?

Kidogo sana, kama inafika. Kuta za mishipa midogo ya damu inayopita ndani ya ubongo zimebanana kiasi kwamba kitu kinachotoka kwenye damu hakipenyi katikati ya seli na seli; ama kiyeyuke katika mafuta ya utando wa seli na kupita humo, ama kibebwe na kisafirishaji maalumu. GABA haina sifa ya kwanza, na ya pili inayo kwa udhaifu sana. Ina kaboni nne tu zilizopangwa mstari mmoja, kwenye ncha moja kuna kundi la asidi na kwenye ncha nyingine kuna kundi la amino, na katika damu ncha ya asidi hubeba chaji hasi huku ya amino ikibeba chaji chanya. Kitu chenye chaji kila upande hupenda maji na huyakimbia mafuta. Zaidi ya hayo, majaribio kwa panya yameonyesha kwamba visafirishaji vilivyopo kwenye kizuizi hicho huitoa GABA ubongoni kwa kasi kubwa kuliko vinavyoiingiza.

Zipo tafiti ndogo ambamo watu waliomeza GABA walisema wamejisikia watulivu, na si lazima tuwakatalie, kwa kuwa utumbo nao una neva zenye vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli ambazo molekuli hiyo huzishika ili kutoa ishara yake. Lakini ushahidi huo ni haba, na mtu anayetaja utulivu wa diazepamu ili auze kidonge cha GABA anachanganya mambo mawili yasiyofanana.

Badiliko likiitwa “dogo”, maana yake nini hasa?

Maana yake ni atomu chache, pengine moja, zimeongezwa, zimeondolewa au zimehamishwa, huku mifupa ya molekuli ikibaki ileile. Theobromini iliyomo kwenye kakao na kafeini iliyomo kwenye kahawa zinatofautiana kwa kundi moja tu la methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Hata hivyo kakao haikeshi mtu kama kahawa, kwa sababu bila methili hiyo theobromini huvishika kwa udhaifu zaidi vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayoleta usingizi, ambavyo kafeini huviziba.

Udogo huo ni wa karatasini. Mwilini, badiliko moja huweza kugusa kwa pamoja namna molekuli inavyoingia ubongoni, kipokezi inachokishika, muda inaokaa na njia inayotokea. Ndiyo maana kauli ya “ni GABA ileile, ila imeboreshwa” ni kauli ya kibiashara. Mkemia akiongeza kitu kwenye molekuli amepata molekuli nyingine, ambayo inastahili kupimwa upya kuanzia mwanzo.

Fenibuti inatofautianaje na GABA?

Chukua zile kaboni nne za GABA uzihesabu kuanzia ncha ya asidi. Kwenye kaboni ya tatu, bandika pete ya fenili, yaani pete ya kaboni sita. Hiyo ndiyo fenibuti. Uzito wa molekuli umepanda kutoka 103 hadi 179, ncha zote mbili zimebaki kama zilivyokuwa, na kilichoongezeka ni kipande kimoja kinachopenda mafuta.

Ilitengenezwa Leningrad, katika Umoja wa Kisovieti, na kundi la Vsevolod Perekalin, na kuanzia miaka ya 1960 ikatumika huko kama dawa ya wasiwasi na ya kukosa usingizi. Hata wanaanga wa Kisovieti waliwekewa katika sanduku lao la dawa, kwa kuwa rubani anahitaji kutulia bila kusinzia. Nchini Urusi bado ni dawa ya cheti, na dozi yake ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 250 hadi 500 mara tatu kwa siku.

Pete ile moja imeleta mambo mawili. La kwanza ni kwamba fenibuti huingia ubongoni kwa kiasi cha kuleta athari, jambo ambalo GABA iliyomezwa haiwezi. La pili husahaulika: fenibuti haigusi kila mahali panapoguswa na GABA. GABA ya ubongo hushika vipokezi vya aina mbili kuu, A na B. Pete ya fenili ni pana mno kwa kipokezi cha A, hivyo fenibuti hufanya kazi hasa kwenye kile cha B, na pia hushika sehemu ya milango ya kalsiamu ya seli za neva inayoitwa alfa-2-delta, ambayo haihusiani kabisa na vipokezi vya GABA. Kwa hiyo hata mtu akisema kwamba fenibuti ni “GABA inayopenya”, amesema nusu tu ya habari.

Nusu nyingine ni utegemezi. Anayeitumia kila siku kwa wiki kadhaa huhitaji dozi kubwa zaidi apate utulivu uleule, na akiacha ghafla anaweza kupatwa na arosto kali: wasiwasi uliozidi ule wa mwanzo, kukosa usingizi, kuona na kusikia visivyokuwapo, na wakati mwingine degedege. Hatari hiyo huongezeka inapouzwa kama unga wa kupima kwa kijiko, maana kijiko cha chai hubeba gramu kadhaa, ilhali dozi ya tiba haifiki hata gramu moja.

Atomu moja ya klorini inaweza kuleta tofauti gani?

Inaweza kukupa baklofeni. Kwenye pete ya fenibuti, upande ulio mbali kabisa na mwili wa molekuli, ondoa haidrojeni moja na uweke klorini. Kazi hiyo ilifanywa na Heinrich Keberle katika kampuni ya Ciba nchini Uswisi mwaka 1962, na lengo lilikuwa kupata dawa ya kifafa. Kwa kifafa haikufua dafu, lakini ilionekana kwamba hulegeza misuli iliyokakamaa, na hadi leo hutolewa kwa wagonjwa wenye jeraha la uti wa mgongo, ugonjwa wa maltipo sklerosisi na mtindio wa ubongo.

Klorini ile huifanya molekuli ikishike kipokezi cha GABA-B kwa nguvu kuliko fenibuti, na dozi zenyewe zinaonyesha hivyo: baklofeni huanzishwa kwa miligramu 5 mara tatu kwa siku. Ukweli ni kwamba kipokezi hicho kilitambuliwa kutokana na baklofeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norman Bowery na wenzake nchini Uingereza walibaini kwamba baklofeni hufanya kazi mahali ambapo dawa ya kuziba vipokezi vya GABA vilivyojulikana wakati huo haikuwa na athari, ndipo wakatenganisha GABA-A na GABA-B.

Baklofeni pia inatuonyesha ukubwa wa kizuizi cha ubongo kwa namba. Mgonjwa anayeimeza hutumia miligramu 40 hadi 80 kwa siku. Mgonjwa anayepelekewa dawa ileile kwa pampu moja kwa moja kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo mara nyingi hutosheka na mikrogramu mia kadhaa, yaani karibu sehemu moja kwa mia ya dozi ya mdomoni. Molekuli ni ileile, kilichobadilika ni mlango tu.

Je, kila kundi linaloongezwa huongeza nguvu?

Hapana, na wakati mwingine huigeuza kazi kuwa kinyume chake. Ukiiacha baklofeni na pete yake na klorini yake, ila ukabadilisha ncha ya asidi kwa kuweka kundi la asidi ya salfoniki, unapata saklofeni. Ukiweka la fosfoniki unapata faklofeni. Zote mbili hukaa kwenye kipokezi cha GABA-B bila kukiamsha, zikakiziba. Kutoka kwenye dawa inayowasha kipokezi tumepata inayokizima, na kilichoguswa ni ncha moja.

Gabapentini na pregabalini zina “gaba” ndani ya jina. Je, zinafanya kazi ya GABA?

Hazifanyi, ingawa zilibuniwa kwa matumaini hayo. Rudi tena kwenye kaboni ya tatu. Ukiifunga ndani ya pete ya kaboni sita isiyo ya fenili, unapata gabapentini, iliyotengenezwa Ujerumani na kuidhinishwa Marekani mwaka 1993. Ukiiwekea mkia mfupi wenye matawi, wa kaboni nne, unapata pregabalini, iliyotoka katika maabara ya Richard Silverman kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern na kuidhinishwa mwaka 2004. Kwa watu wa fani hii, kaboni ya tatu ya GABA ni kiwanja ambacho kila mjenzi amejenga nyumba yake.

Nyumba hizo mbili zilijengwa kwa ramani ya GABA lakini hazikaliwi na GABA. Hazishiki kipokezi cha A wala cha B. Hushika ile sehemu ya alfa-2-delta kwenye milango ya kalsiamu, na hivyo kupunguza ishara za maumivu na za degedege. Wanasayansi walilitambua jambo hilo mwaka 1996, gabapentini ikiwa tayari madukani.

Zenyewe kwa zenyewe pia zinatofautiana. Gabapentini hufyonzwa na kisafirishaji cha utumbo ambacho hujaa upesi: katika dozi ya miligramu 900 kwa siku karibu asilimia 60 huingia mwilini, lakini katika miligramu 4,800 ni asilimia 27 tu. Pregabalini huingia kwa asilimia 90 au zaidi hata dozi ikipanda. Hiyo ni sababu mojawapo dozi ya juu ya gabapentini hufika miligramu 3,600 kwa siku huku ya pregabalini ikiishia 600, na ndiyo sababu mgonjwa hapaswi kubadilisha moja kwa nyingine kwa kuhesabu miligramu.

Watu wengi wenye kisukari huandikiwa dawa hizi kwa ganzi na maumivu ya miguu kuwaka moto, kwa hiyo jambo moja linawahusu moja kwa moja. Dawa zote mbili hutoka kwa mkojo bila kubadilishwa na ini, na baklofeni nayo hutoka hivyo kwa sehemu kubwa. Figo zikiwa zimechoka, kama zinavyochoka kwa baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu, dawa hujikusanya mwilini na dozi iliyokuwa ya kawaida huwa nyingi mno. Mweleze daktari hali ya figo zako kabla hajaandika.

Wanaposema “umbo la R” au “umbo la S”, wanamaanisha nini?

Kaboni ya tatu ya fenibuti, ya baklofeni na ya pregabalini imezungukwa na vitu vinne tofauti, hivyo molekuli huweza kujengwa kwa namna mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa fenibuti na baklofeni, umbo la R ndilo linalokiamsha kipokezi cha GABA-B na la S halifanyi kitu cha maana humo. Pregabalini huuzwa ikiwa umbo la S peke yake. Hapa hakuna hata atomu moja iliyoongezwa au kupunguzwa, mpangilio tu ndio umegeuka. Gabapentini haina suala hili, kwa kuwa pande mbili za pete yake zinalingana.

Je, “HCl” iliyoandikwa kwenye chombo cha fenibuti ni badiliko la kuongeza nguvu?

Hapana, hiyo ni hidrokloridi, yaani dawa ileile ikiwa katika umbo la chumvi ya kikemia tu. Humsaidia mtengenezaji kuiyeyusha dawa kwa urahisi, na ikishafika kwenye damu molekuli ya fenibuti ni ileile. Tofauti ipo kwenye uzito: katika miligramu 500 za chumvi hiyo, fenibuti yenyewe ni kama miligramu 415.

Pikamiloni je?

Hapa mbinu ni ya kubeba. Wanasayansi wa Kisovieti waliiunganisha GABA na niasini, ambayo ni vitamini B3, ili muungano huo upenye kizuizi na kisha ukatike ndani. Kwa kuwa nusu yake ni vitamini na nusu nyingine ni kitu cha ubongo wenyewe, iliuzwa Marekani kama kirutubisho kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilipoeleza kwamba haistahili kuitwa hivyo. Uamuzi huo ni sahihi kwa maoni yangu, maana vitu viwili vya asili vikiunganishwa maabara, kilichopatikana hakipatikani katika chakula chochote.

Pirasetamu nayo ni jamaa wa GABA?

Kwa nasaba ndiyo, kwa kazi siyo. Ncha mbili za GABA zikifungwa pamoja na kutoa molekuli moja ya maji, mstari huwa pete. Ukiiongezea pete hiyo kipande kidogo unapata pirasetamu, iliyotengenezwa mwaka 1964 na Corneliu Giurgea katika kampuni ya UCB nchini Ubelgiji. Ni yeye aliyebuni, mwaka 1972, jina la nutropiki ambalo sasa hubandikwa kwenye kila kidonge cha “akili”. Pirasetamu haishiki vipokezi vya GABA, na dozi zake ni kubwa, gramu 2.4 hadi 4.8 kwa siku.

Warusi waliiongezea pete ya fenili, kama walivyoifanyia GABA. Fenilipirasetamu iliyopatikana hutumika kwa miligramu 100 hadi 200, na imepata kitu ambacho mama yake hana: huchangamsha mwili waziwazi. Imo katika orodha ya vichangamshi vilivyopigwa marufuku michezoni, kwa jina la kafedoni, na kwa ajili yake Olga Pyleva wa Urusi alinyang’anywa medali ya fedha katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Turin mwaka 2006. Tazama tofauti: GABA ilipopewa pete ya fenili tulipata kitulizaji, pirasetamu ilipopewa pete hiyohiyo tukapata kichangamshi. Hakuna kanuni ya kusema fenili hufanya hivi au vile.

Je, kuna mfano ulio karibu nasi zaidi?

Upo, tena unawasha. Mbegu za upupu, mmea uleule ambao vinyweleo vya maganda yake humfanya mtu ajikune hadi achubuke, zina levodopa kwa asilimia chache ya uzito wake, na unga wake huuzwa mtandaoni kama kirutubisho cha ari na furaha. Levodopa ni dopamini, molekuli nyingine ya kupeleka ishara ubongoni, iliyoongezewa kundi moja la asidi. Dopamini yenyewe haipiti kizuizi cha ubongo. Levodopa hupita, si kwa sababu inapenda mafuta, bali kwa sababu kundi lile la asidi huifanya ifanane na asidi amino za chakula, ikabebwa na kisafirishaji chao. Ikishafika ndani, kimeng’enya huliondoa kundi hilo na dopamini hubaki. Wagonjwa wa Parkinson wanatibiwa kwa njia hiyo tangu miaka ya 1960.

Kwa kuwa inasafiri kwa kisafirishaji cha wengine, levodopa hupigania nafasi: mgonjwa akiimeza pamoja na mlo mzito wa nyama au maharage, asidi amino za mlo huo huichelewesha. Na anayetumia tayari vidonge vya levodopa akijiongezea unga wa upupu anajiongezea dozi asiyoijua, kwa sababu kiasi kilichomo hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kati ya kopo na kopo.

Nitajuaje kilichomo kwenye chupa?

Soma jina la kikemia, usiishie kwenye jina la biashara. Fenibuti huandikwa phenibut, au beta-phenyl-GABA, au 4-amino-3-phenylbutyric acid, na tarakimu 3 katika jina hilo la mwisho ndiyo ile kaboni ya tatu. Ukiona GABA imetanguliwa na kipande kingine cha jina, basi si GABA. Maneno kama “mchanganyiko maalumu” yasiyotaja miligramu za kila kitu yatosha kukufanya uirudishe rafuni. Sheria hazilingani: Australia iliiweka fenibuti mwaka 2018 katika jedwali la vitu vilivyopigwa marufuku, na Marekani FDA iliwaandikia wauzaji barua za onyo mwaka 2019, lakini ununuzi wa mtandaoni hauangalii mpaka.

Nimekuwa nikitumia fenibuti kila siku kwa wiki kadhaa. Niache leo?

Usiache ghafla, na usijipangie mwenyewe kubadilisha kwa baklofeni au diazepamu uliyoazimwa na jirani. Nenda hospitali ukaeleze kiasi unachotumia, tangu lini, na kama unakunywa pombe au dawa nyingine za kutuliza, ili daktari akupunguzie kwa hatua. Ukipatwa na degedege, homa kali, kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwapo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Chukua na chombo cha unga au vidonge, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha mkojo cha dawa za kulevya hakiitambui fenibuti, na daktari asiyeiona lebo anaweza kuhangaika usiku kucha akitafuta chanzo kingine.